Aliyempata Mungu Ugenini Akirudi Rufiji

Desemba 1873, miezi sita baada ya Sultani Barghash kukubali soko la watumwa la Unguja lifungwe, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza aitwaye Frederic Elton alifunga safari ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa. Katika njia hiyo inayovuka Rufiji alipishana na misafara ya watu waliofungwa, wanaume, wanawake na watoto, wakiswagwa kuelekea kaskazini. Njia ya baharini ilikuwa imepigwa marufuku, basi wafanyabiashara wakageukia nchi kavu. Kwa muda wa mwezi mmoja tu Elton alihesabu maelfu.

Wengi wa watu wale walitoka Uyao, Unyasa na nchi nyingine za kusini. Baadhi ya watumwa wa zama hizo, hasa waliosafirishwa majahazini, walikombolewa na manowari za Waingereza, wakafikishwa kwenye misheni za Unguja, Bagamoyo na Mombasa. Huko walijifunza kusoma, wakabatizwa, wakapewa majina mapya. Wakawa Wakristo mbali na mahali vilipozikwa vitovu vyao. Na kuanzia hapo swali likawaandama, wao na watoto wao: mtu aliyempata Mungu ugenini anarudije kwao?

Swali hilo ni kubwa kuliko utumwa na ni kubwa kuliko karne ile. Leo kijana anatoka Mbwera au Salale katika delta ya Rufiji, anakwenda Mbagala jijini Dar es Salaam kutafuta riziki, anapotea, anaokoka katika kanisa la mtaani, kisha moyo unamwambia arudi. Naamini safari yake haijapata riwaya ya Kiswahili inayoistahili. Naamini pia kwamba Kibiti na delta ya Rufiji ndipo mahali ambapo riwaya hiyo ingejaribiwa kwa haki. Mwandishi atakayeiandika atalazimika kukubali jambo moja kabla hajashika kalamu: imani ya aliyerudi inathibitishwa na wale aliowaacha. Yeye mwenyewe hawezi kujithibitisha.

Hadithi inayokatika mapema

Tunazo hadithi za wokovu kwa wingi. Zinasimuliwa redioni, kwenye mikutano ya injili, kwenye video zinazosambazwa kwa simu. Karibu zote zinakwenda hatua zilezile: maisha ya giza, anguko, usiku wa machozi, kisha sala ya toba. Msimuliaji akifika kwenye sala, kusanyiko linashangilia na hadithi inakwisha.

Hadithi hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inakatika mapema. Mtu aliyeokoka Jumapili anaamka Jumatatu akiwa na madeni yaleyale, watoto walewale aliowatelekeza na mama yuleyule ambaye hajapokea simu yake kwa miaka. Kinachotokea kati ya Jumatatu hiyo na siku ya kufa ndicho kiini cha riwaya, na hapo ndipo wasimulizi wetu wengi hunyamaza.

Fasihi ya Kiswahili haikosi mizizi ya kusimamia kazi hii. Shaaban Robert, katika *Utubora Mkulima* iliyochapwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, alimchora mtu anayeacha kazi ya mshahara Unguja na kurudi Busutamu kulima. Utubora si mhubiri na kitabu si cha Kikristo. Mwandishi wake alikuwa Mwislamu. Lakini hakuna kitabu cha Kiswahili kinachoonyesha wazi zaidi kwamba kurudi nyumbani ni kazi ya mikono: kutengeneza nyumba iliyochakaa, kufyeka shamba, kuwajua majirani upya. Miaka mitatu baadaye Euphrase Kezilahabi, katika *Rosa Mistika*, akatuonyesha familia ya Kikristo ya Ukerewe ikisambaratika huku baba akishikilia ukali badala ya upendo. Kitabu kimoja kimetupa kurudi bila kuongoka, kingine kimetupa dini ya nyumbani bila rehema. Cha tatu bado tunakisubiri.

Huko Marekani riwaya za mtu anayempata Mungu na kurudi mji aliozaliwa zinajaza maduka. Nyingi ni tamu na nyepesi: mji mdogo, kanisa, mchumba wa zamani anayesubiri. Zipo pia zinazothubutu. Katika *Home*, iliyotoka mwaka 2008, Marilynne Robinson anamrudisha Jack Boughton kwa baba yake, mchungaji mzee wa mji mdogo wa Iowa, baada ya miaka 20. Baba amemwombea mwanawe muda wote huo, lakini mwana anapoketi mezani, msamaha unageuka kazi ngumu ya kila siku, na mzee mwenyewe unamshinda. Riwaya hiyo inaumiza kwa sababu haimpi msomaji faraja isiyolipiwa gharama. Sisi nasi tunahitaji ujasiri huo, katika ardhi yetu na kwa watu wetu.

Nyumbani panapohama

Kwa nini Rufiji? Kwanza, kwa sababu nyumbani kwenyewe hapajatulia.

Kibiti ni mji wa barabarani, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ilitegemea kivuko cha Rufiji, na masika ikifika watu walikwama siku kadhaa. Wilaya ya Kibiti yenyewe ni changa, imemegwa kutoka Rufiji katika muongo uliopita. Upande wa mashariki ardhi inashuka hadi kwenye delta, msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Mkandaa, mchu, mkomafi, mlilana, msikundazi: kila mti una jina na kazi yake. Boriti za Rufiji zilijenga dari za Unguja na kuvuka bahari hadi Uarabuni na Ghuba. Huko vijiji vinafikika kwa maji, na anayetaka kusafiri huuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi.

Juu ya delta, bondeni, maisha yalifuata mto. Mafuriko yalileta rutuba, na maji yakipungua watu walipanda mlau, kilimo cha kufuata unyevu ulioachwa na mto. Wakati wa mpunga familia nzima ilihamia shambani na kukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kuwafukuza nguruwe na ndege. Kisha, mwaka 1968 na 1969, serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda maeneo ya juu katika operesheni iliyotangulia vijiji vya ujamaa vya nchi nzima. Wengi walijenga walikoelekezwa lakini waliendelea kushuka bondeni kulima. Kwa hiyo ukimwuliza mzee wa Rufiji kwao ni wapi, anaweza kukuonyesha mahali pawili, na pote pawili akawa amesema kweli.

Halafu ikaja hofu. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari waliuawa katika Kibiti na Rufiji. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa risasi eneo la Mkengeni. Watu walikimbia nyumba zao, wapo waliotoweka na ndugu zao wanawasubiri hadi leo, na jirani akaanza kumwogopa jirani. Aprili 2024 mto ulipanda tena, ukazamisha nyumba na mashamba katika wilaya zote mbili. Mahali hapa, kuondoka na kurudi ndiyo historia yenyewe. Mwandishi hahitaji kubuni sababu ya mtu kuondoka. Kazi yake ni kueleza anarudi akiwa nani.

Waliorudi Masasi

Wapo waliowahi kurudi kweli, na habari zao ni shule kwa mwandishi yeyote.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake Unguja, alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa, zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake. Nia ilikuwa kuwarudisha kusini walikotoka, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona ardhi inafaa, maji yapo, na hamu ya kuendelea mbele ikakatika. Wakajenga hapo.

Tafakari wanavyoonekana machoni pa wenyeji. Ni watu wa kusini kwa damu, lakini wanazungumza Kiswahili cha Unguja, wanahesabu siku kwa kalenda nyingine, wanaimba nyimbo ambazo hakuna mzee anayezijua, na wana Mzungu pamoja nao. Ardhi waliyoikalia ilikuwa na wenyewe. Waliitwa huru, lakini uhuru wao haukuwapa ukoo. Iliwabidi waanze upya kutafuta wajomba, watani na mashemeji, vitu ambavyo mtu hawezi kuishi kusini bila ya kuwa navyo.

Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni walivamia. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, yaani waliotolewa utumwani walitekwa mara ya pili wakiwa wanadhani wamefika. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika Masasi na misheni ikachomwa moto. Maji yale yaliyovipa vita jina yalitoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, huku Rufiji. Lakini kila mara palijengwa tena, na leo Masasi ni makao ya dayosisi. Kilichowaweka pale hakikuwa siku ya kuwasili. Walijenga mara ya pili, wakajenga na ya tatu, na wakawazika wafu wao katika ardhi ileile na wenyeji.

Majaliwa wa Chitangali

Mmoja wa watoto waliotekwa katika Uyao na kuuzwa Unguja ni Cecil Majaliwa. Alikombolewa, akasoma chuo cha misheni cha Kiungani, akapelekwa Canterbury nchini Uingereza kwa masomo zaidi, kisha mwaka 1886 akapewa ushemasi na kutumwa Chitangali, katika nchi ya Newala, miongoni mwa Wayao. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kupata daraja hilo.

Huyu ndiye aliyerudi kwa watu wake, tena kwa mafanikio ambayo wamisionari wa Kizungu wengi hawakuyafikia. Nakaam, mkuu wa Wayao wa Chitangali, alibatizwa na kuitwa Barnaba. Ukisoma habari hizi haraka, unapata hadithi kamili ya ushindi. Ukisoma taratibu, unaona ugumu wake. Majaliwa aliondolewa kwao akiwa mtoto. Ujana wake, masomo yake na ndoa yake vyote vilikuwa vya Unguja. Watu aliotumwa kwao walikuwa wa damu yake, lakini hakuwa amekua nao. Alikaa Chitangali zaidi ya miaka kumi, akajenga kanisa la wenyeji, kisha mwishoni mwa miaka ya 1890 akarudi Unguja.

Mtu anaweza kuwa na kwao mara mbili. Wahubiri hawapendi kulitaja jambo hilo, kwa kuwa linaharibu umbo zuri la hadithi, lakini mwandishi wa riwaya anapaswa kulikumbatia. Kijana wa delta aliyekaa Mbagala miaka 10 ana marafiki huko, ana kanisa lililomwokota, pengine ana mke asiyejua kupiga kasia. Anaporudi kijijini hafiki mwisho wa safari. Anaanza kuishi na makwao mawili, na kila moja lina haki juu yake.

Kitabu cha wasiorudi

Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwalimu wa Freretown, Mombasa, alichapisha *Uhuru wa Watumwa*. Freretown ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS katika miaka ya 1870 kuwapokea watu waliokombolewa, na baba yake Mbotela alikuwa mmoja wao, Myao aliyetekwa upande wa Nyasa. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake imekaa masikioni mwa vizazi vya Afrika Mashariki, alitoka katika ukoo huohuo.

*Uhuru wa Watumwa* ni kitabu cha shukrani, na wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lawama hiyo ina uzito. Lakini chini ya shukrani kuna jambo jingine linalonigusa zaidi: ni kitabu cha watu ambao hawakuweza kurudi. Njia zilikuwa na hatari, vijiji vilikuwa vimechomwa, wengi walitekwa wadogo kiasi cha kutojua hata jina la mto wa kwao. Kwa hiyo Mbotela alifanya kwa kalamu kile ambacho baba yake hakuweza kufanya kwa miguu. Aliandika walikotoka, walivyotekwa, walivyookolewa, ili watoto wawe na mahali pa kutaja wanapoulizwa. Simulizi ya Kikristo ya Kiswahili ina mizizi katika hamu hiyo ya nyumbani, na waandishi wa leo ni warithi wake, wajue wasijue.

Dawa ya deni

Katika miaka ya 1930, uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na kufika Kagera mwaka 1939. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na ndio waliotupa neno ‘walokole’ tunalolitumia leo. Wengi wanawakumbuka kwa nyimbo na kwa kuungama hadharani. Kilichowashangaza majirani wao, hata wasioamini, ni urejeshaji. Watu walibeba walivyoiba na kuvirudisha kwa mwajiri, hospitalini, shuleni. Walilipa kodi walizokwepa. Waliwaendea maadui na kuomba radhi uso kwa uso.

Festo Kivengere wa Kigezi aliokoka mwaka 1941 akiwa mwalimu kijana kwao, miongoni mwa watu waliomjua tangu utoto. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, akawa Askofu wa Kigezi, na Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, akakimbia Uganda usiku kwa miguu. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979 alirudi Kigezi, na kazi aliyoikuta ni ileile aliyoianza akiwa kijana: kuwapatanisha watu waliokuwa wakidaiana damu. Alirudi akiwa askofu, lakini naamini watu wa kwao walimpokea kwa sababu walikumbuka mwalimu aliyekuwa tayari kuomba radhi.

Biblia yenyewe inakubaliana na walokole hao. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani. Alisimama mbele ya majirani na kuahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Mtu wa Gerasa aliyetolewa pepo aliomba amfuate Yesu, naye akakataliwa na kuambiwa arudi kwa watu wa nyumbani kwake. Onesimo, mtumwa aliyetoroka, alirudishwa kwa bwana wake na barua ambamo Paulo anakubali kubeba deni lake. Katika visa vyote vitatu wokovu unarudishwa kwa watu wenye kumbukumbu, wenye haki ya kuuliza.

Wahenga wetu walishasema dawa ya deni ni kulipa. Walokole wa kwanza waliuchukua msemo huo wakaufanya ibada.

Mkeka wa hitima

Sasa turudi Kibiti tuitengeneze hadithi.

Tuseme kijana alikuwa mweka hazina wa kikundi cha upatu cha akina mama katika kijiji kimoja cha delta. Fedha zao zilitoka kwenye kambamiti, mpunga na mikeka. Mwaka 2017, watu walipokuwa wakikimbia, naye alikimbia, na kisanduku akakibeba. Hofu ilikuwa ya kweli, na wizi ulikuwa wa kweli. Huko Mbagala fedha zikaisha, pombe ikafuata, na miaka mingi baadaye akaokoka. Anarudi baada ya mafuriko ya 2024, dungu la familia limekwenda na maji, baba amefariki na kuzikwa bila yeye.

Mwandishi mvivu atamsimamisha huyu kijana chini ya mwembe atoe ushuhuda. Mwandishi makini atajua kwamba akina mama wa upatu watakuja wa kwanza, na hawatauliza habari za Yesu. Watauliza fedha. Mkuu wao, mwanamke mwenye tasbihi mkononi, anajua hesabu hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa mjukuu wake aliacha shule mwaka ule. Riwaya nzima inaweza kukaa katika miezi ambayo kijana anavua kamba, anapanda mlau, anabeba mizigo gatini Nyamisati inaposubiriwa boti ya Mafia, na kuwalipa mmoja baada ya mwingine.

Na hapa ndipo Rufiji inapodai umakini ambao hadithi nyingine haidai. Wandengereko, Warufiji na Wamatumbi kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Wakristo wa Kibiti wengi ni wageni wa kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara, na baadhi ya wafugaji waliofika baada ya kuhamishwa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Mwenyeji anayerudi amebatizwa anagusa jeraha la mama yake. Mama atasema mwacha asili ni mtumwa, na maneno hayo katika njia ile ile ya misafara ya 1873 yana uzito wa pekee.

Je, kijana ataketi kwenye mkeka wa hitima ya baba yake? Atakula pilau ya maulidi? Mwezi wa Ramadhani atavuta sigara barazani, au atamchotea mama maji ya futari? Jirani akifa, atachimba kaburi na kubeba jeneza pamoja na wengine, hata kama hatajibu dua? Naamini majibu ya maswali haya yanasema zaidi kuhusu Injili kuliko mahubiri ya kurasa 20. Kijana anayekataa kumzika jirani kwa jina la Kristo amepoteza vyote viwili, jirani na Kristo. Anayejifanya hakuna kilichobadilika amempoteza Kristo na kumdanganya mama. Njia iliyopo katikati ni nyembamba, na riwaya ndiyo chombo kinachoweza kuipita hatua kwa hatua.

Haki inadai pia kwamba Uislamu wa kijiji usichorwe kama giza linalongojea mwanga. Mwanamke yule mwenye tasbihi anapokubali kupokea malipo kidogo kidogo badala ya kumpeleka kijana kwa mtendaji, anafanya rehema kwa imani yake mwenyewe. Kijana anajifunza msamaha kutoka kwake. Mkristo asione haya kuandika hivyo. Yesu mwenyewe alimtumia Msamaria kufundisha maana ya jirani. Na kesho mwandishi Mwislamu akiandika kuhusu binti wa Songea au Moshi aliyesilimu na kurudi kwa wazazi Wakatoliki au Walutheri, msomaji Mkristo aisome kwa moyo uleule. Nchi hii ina ndugu wengi wanaogawana mama mmoja na kuswali kwa namna mbili, na vitabu vyetu vimekaa kimya mno juu yao.

Wachapaji na waandishi

Vyombo vya kuichapa riwaya hiyo vipo. Central Tanganyika Press iko Dodoma, Soma Biblia wako Dar es Salaam, Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wana historia ndefu ya kuchapa kwa Kiswahili. Lakini ingia duka la vitabu vya Kikristo uangalie rafu: maombi, ndoa, unabii, mafanikio, tafsiri za wahubiri wa ng’ambo. Riwaya ni chache, na riwaya yenye kijiji halisi cha Tanzania ndani yake ni adimu zaidi. Viongozi wa makanisa huona hadithi ya kubuni ni mchezo wa watoto, ilhali Bwana wao alifundisha kwa hadithi za kubuni siku zote, na ile maarufu kuliko zote inahusu mwana anayerudi nyumbani.

Naomba wachapaji hao watafute waandishi Kibiti, Ikwiriri, Utete na Mohoro, walimu wa shule za kata na vijana wanaoandika kwenye simu zao. Wasiwaombe mahubiri. Wawaombe majina ya miti, bei ya kambamiti, utani wa msibani, ukimya wa mwaka 2017. Wawape muda na mhariri anayejua pwani. Na muswada ukikamilika, kabla haujapelekwa kwa askofu kupata kibali, usomwe kwa sauti kwenye baraza la kijiji cha delta, Waislamu na Wakristo wakiwa wamekaa pamoja. Akina mama wa upatu wakisema mtu huyo wanamjua, na kwamba alivyowalipa ni sawa, kitabu kiko tayari kuchapwa.